Uso Uliotangulia

Mama yangu hajui kusoma wala kuandika, lakini uso wake ulianza kuzunguka kwenye simu za watu kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba simu inaweza kubeba uso wa mtu. Kazi hiyo aliifanya Nancy, binti wa kaka yangu Paschal, msichana wa chuo huko Mwanza, mwenye kidole chepesi kuliko akili. Krismasi iliyopita tulikuwa wote nyumbani kijijini, mbele kidogo ya Ipililo, na mbuzi akaingia kwenye mtama ulioanikwa. Mama akatoka jikoni kwa kishindo, mwiko mkononi, khanga imefungwa kifuani, macho ameyatoa. Nancy akampiga picha hapo hapo. Akaukata ukuta, akamkata na mbuzi, mama akabaki amesimama peke yake hewani. Ikawa stika.

Macho yenyewe ni mekundu. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Mama amepika kwa mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba tangu usichana wake, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na moshi wa namna ile haumwachi mtu na macho meupe. Sisi wanawe tumeyazoea. Kwetu ni macho ya mama tu, hatuyaoni rangi.

Kwenye grupu la familia ile stika ilitupa raha sana. Paschal akituma picha yuko baa, anarushiwa mama. Mimi nikikaa kimya nisiseme naenda lini kusalimia nyumbani, narushiwa mama. Maana yake ilikuwa moja na wote tuliijua: bibi amekuona. Hata mama tulimwonesha, akacheka hadi akakaa chini, akasema kumbe akikasirika anapendeza. Mimi ndiye niliyeituma kuliko wote, maana ni mvivu wa kuandika na nina ulimi mkali, na stika ile ilinifanyia kazi zote mbili.

Naitwa Felisita. Nashona sare za shule hapa Bariadi, karibu na stendi. Mchana ule nilikuwa napinda sketi, pini zimejaa mdomoni, simu ikaanza kulia mfululizo. Lilikuwa grupu la kijiji. Humo tupo wengi, waliobaki nyumbani na sisi tuliotawanyika, na kwa kawaida ni salamu, habari za pamba, ng'ombe aliyepotea, na matangazo ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, ambao siku hizi wanaitana kwa simu badala ya kupiga yowe. Shija, jirani wa mama ng'ambo ya korongo, alikuwa ameandika kwamba mwanawe Mayunga ameshikwa na degedege, wamemlaza kituo cha afya.

Mayunga alikuwa mtoto wa maneno nusu nusu bado. Akiamka asubuhi anavuka korongo peke yake kufuata maziwa ya mgando kwa mama, na mama humkalisha kwenye kigoda na kumnywesha kwa kibuyu kidogo. Mke wa Shija, Mhoja, alikuwa akisema kwa utani kwamba yeye amezaa tu, mwenye mtoto ni bibi.

Watu wakaanza kutoa pole. Unaijua ile mikono miwili iliyofumbatana, ya kuomba? Ikashuka hiyo. Mikono, mikono, mikono, mpaka skrini ikajaa. Mmoja mmoja akaongeza uso unaodondosha chozi. Nami nikaweka mikono yangu, nikatoa pini mdomoni ili niandike neno la ziada. Halafu katikati ya mikono ile yote akatokea mama. Mwiko juu, macho yametoka. Pembeni yake jina la mdogo wangu Bujiku.

Sketi ikaniponyoka. Nikampigia.

Bujiku ndiye aliyebaki nyumbani na mama na ng'ombe. Shule aliiacha mapema. Kusoma anasoma, kuandika kunamtoa jasho, ndiyo maana anaongea kwa stika na emoji, haandiki hata "nimefika" bila kuweka uso pembeni. Alinieleza bila wasiwasi wowote. Goti la mama limevimba, hawezi kuvuka korongo, sembuse kufika kituo cha afya. Na kwetu mgonjwa hatumiwi salamu, anaendewa. Unakwenda, unakaa, unaonekana, hata usiposema neno. Asiyeonekana anahesabiwa, watu wataulizana mbona fulani hakufika, au kuna analolijua. Mama alilifahamu hilo kuliko sisi sote. Kwa hiyo akamwambia Bujiku ampelekee Shija uso wake, wajue kwamba yupo nao. Bujiku akatafuta kwenye simu, na uso wa mama aliokuwa nao ulikuwa mmoja.

Nikamwambia aifute, aifute sasa hivi. Akauliza kwa nini, mbona kila mtu anamjua mama. Nikamwambia hilo ndilo ninaloliogopa. Akakata simu, kisha akapiga kunijulisha kwamba tayari, imefutika. Nikaangalia kwangu. Mama bado amesimama pale pale na mwiko wake. Bujiku akaapa kwamba haioni, na alikuwa anasema kweli. Alikuwa ameifuta kwa upande wake tu. Kwenye simu yake mama ameondoka, kwenye simu za kijiji kizima yupo, na sasa hakuwa na njia tena ya kumtoa.

Mtu wa mbali huenda asielewe kwa nini stika tu ilinitisha. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na jirani, mjane mzee, mpole, macho yake kama ya mama yalivyo leo. Akafa ng'ombe wa mtu, baadaye akafa mtoto wa mtu, na watu wakaanza kunyamaza yule mjane akipita. Sikumbuki kelele wala ugomvi. Nakumbuka kimya tu, halafu asubuhi moja mlango wake ukiwa wazi na sufuria imepinduka uani, na mama akiniziba macho kwa khanga yake. Watu wazima walisema panga, wakasema macho mekundu ni ya mchawi, basi. Siku hizi zimefanyika semina, mapadri na wachungaji wamehubiri, na nasikia mambo hayo yamepungua. Kupungua ni neno tamu kwa mtu ambaye mama yake ana macho meupe.

Mayunga alifariki kabla hakujapambazuka.

Tangazo lilitolewa na baba mdogo wake, maneno machache. Nilikaa kitandani nikalia kweli, maana mtoto yule nilimshonea kaptula ya Krismasi kwa mikono yangu. Kisha nikaandika. Niliandika ujumbe mrefu, wa Shija na Mhoja, nikamtaja mtoto, nikataja kibuyu chake cha maziwa, nikasema mama na sisi sote tumevunjika moyo. Nikautuma.

Kwenye grupu lile ukiandika tu kwamba mvua imenyesha utaitikiwa na watu wote, mpaka wa Dar es Salaam. Ujumbe wangu ulikaa. Nikaubonyeza nione nani ameusoma, majina yakashuka marefu. Wote wameusoma na hakuna aliyejibu. Waliotoa pole baada yangu waliitikiwa, mimi nikarukwa kama tope njiani. Juu ya skrini ikatokea kwamba kamanda wa sungusungu anaandika. Nikasubiri. Akaacha. Baba mdogo wa Mayunga anaandika. Akaacha. Mtu akiongea unamwona anavyomeza neno, unajua limemkaa kooni vipi. Hapa nilichoona ni jina na vinukta vinavyochezacheza, na kila vilipozimika nilihisi wameniona nikiwatazama.

Halafu namba nisiyoijua ikarudi nyuma, juu kabisa, ikaichukua stika ya mama na kuijibu. Haikuandika neno. Iliweka macho mawili, yale ya emoji yanayotazama pembeni. Mwingine akaweka macho. Mwingine tena. Nikaanza kuandika kwamba jamani, mnamaanisha nini, lakini kabla sijamaliza likaja tangazo: kuanzia sasa wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Grupu lilikuwa limefungwa.

Nikageukia namba ya Shija. Nikaandika kwamba mama hakuwa na nia mbaya. Nikafuta, nani amesema ana nia? Nikaandika kwamba stika ile ni mchezo wa watoto wetu. Nikafuta, mtu amefiwa, namwambia habari za mchezo? Nikaandika kwamba mama alimpenda Mayunga kuliko mtu yeyote, nikaisoma, ikanisisimua mwili, nikaifuta haraka kama imeniunguza. Kila sentensi niliyoitunga ilikuwa inakana jambo ambalo hakuna mtu aliyelisema kwa mdomo. Mwisho nikaandika "Pole sana kaka yangu" peke yake, na nilipotaka kuituma nikaona picha ya Shija haipo tena. Pale palipokuwa na picha yake na ng'ombe wake wa kulimia kimebaki kivuli cha kijivu. Alikuwa ameniondoa.

Nilikuwa bado naishangaa simu, Nancy akapiga analia. Rafiki yake mmoja wa kijijini alikuwa amemtumia kitu kilichokuwa kinazunguka kwenye grupu jipya, la msiba, ambalo sisi hatukuwekwa. Nikamwambia anitumie. Akasema, "Shangazi, usiangalie."

Nikaangalia. Alikuwa mama, na mwiko ule ule. Mtu alikuwa amekaa akayapaka macho yake rangi, yakawa mekundu mno, yanawaka. Chini hapakuwa na neno, hata jina. Laiti wangeandika kitu, hata tusi, ningelijibu. Niliogopa sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe. Nikakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa.

Nilipompigia Bujiku nimwambie amfiche mama, mama akamnyang'anya simu. Akasema anafua khanga, anakwenda msibani. Nikamsihi asitoke nje ya uzio mpaka nifike. Akaniuliza tangu lini mtu anakaa ndani ya uzio jirani akiwa na msiba.

Januarius, dereva wa mtaani kwetu, akanipeleka kwa Probox yake. Nilimwambia ukweli wote njiani, kwa sababu nilitaka awe tayari kugeuza gari. Akawa anaendesha bila kuniangalia. Pamba ilikuwa imefika magotini pande zote mbili za barabara, watu wanapalilia, na kila aliyeinua kichwa kulitazama gari nilimwona kama anajua tunakwenda wapi.

Mama tulimkuta amekaa kwenye kigoda, amejifunga khanga safi, goti amelizungushia kitambaa. Alikuwa amezeeka kwa muda mfupi ambao sikumwona. Nikapiga magoti nikamsalimu, kisha nikamweleza yote, grupu, macho, rangi. Bujiku alisimama mlangoni anatazama chini. Nikamwambia mama kwamba gari lipo, mikoba tutaifuata baadaye, twende Bariadi sasa hivi.

"Uso wangu umekwenda bila mimi," mama akasema. "Sasa lazima nikaufuate."

Nikalia, nikambembeleza, nikamkasirikia. Januarius akaleta miwani yake myeusi ya kuendeshea, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima. Mama akaigeuzageuza, akamrudishia. Alisema akifunika macho leo, watu watajua ana la kuficha. Basi tukamshika, mimi huku na Bujiku huku, tukashuka naye korongoni hatua kwa hatua, na Januarius akazunguka na gari kwa njia ya juu akalisimamisha limetazama barabara.

Mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Wanaume walikuwa wamekaa kivulini kando ya uzio wa minyaa, fimbo zao zimelala magotini, wanawake wapo kwenye majamvi karibu na ukuta wa nyumba. Kulikuwa na maongezi ya chini chini. Tulipoingia yakakatika.

"Mwadila," mama akawasalimu.

Kwetu salamu ya Kisukuma huitikiwa hata na adui; hata mtu uliye na kesi naye mnaulizana kwanza habari za nyumbani. Hawakuitika. Mama akarudia, sauti ikakwaruza kidogo mwishoni. Hakuna. Nikakitambua kimya kile, maana ndicho nilichoshinda nacho kwenye simu, isipokuwa hiki kilikuwa na watu ndani yake, na fimbo. Kijana mmoja upande wa wanaume akainua simu yake taratibu, akaielekeza kwetu. Nikafikiria umbali wa pale mpaka kwenye gari.

Mhoja alikuwa ameegemea ukuta, uso umevimba kwa kulia. Akainua kichwa. Akasogea kwenye jamvi akaacha nafasi pembeni yake.

"Mwadila mayu, karibu mama," akasema. "Simu ya Shija imejaa mikono. Mikono ya nani, mimi sijui. Wewe ulinitumia uso."

Mama akakaa kwa shida, mguu mmoja ameunyoosha. Mhoja akamlalia begani. Kisha akaendelea kusema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwa sababu hakukuwa na sauti nyingine.

"Nilimwonesha Mayunga pale kitandani. Alikuwa ametulia kidogo. Akakugusa kwa kidole, akacheka, akasema bibi. Halafu akalala. Hakuamka tena."

Wanawake wakaanza kulia, mmoja, wawili, mwishowe wote. Mama alilia kwa mdomo wazi kama mtoto, na machozi yalikuwa yanatoka kwenye macho yale yale, na nikasema moyoni ahsante Mungu, imekwisha, wameona. Ndipo nikawatazama wanaume.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa analia. Walikuwa wamesikia maneno yale yale niliyoyasikia mimi, neno kwa neno, na kwao yalikuwa yamefika na sura nyingine. Kamanda wa sungusungu, mtu mzima mwenye mvi, akajikohoza.

"Mhoja, rudia," akasema. "Aliutazama uso huo, ndipo akalala?"

"Alicheka," Mhoja akajibu.

"Ndipo akalala."

"Ndiyo."

Shija akainamisha kichwa katikati ya magoti. Wengine walitoa simu, na nikaona vidole gumba vikianza kwenda, huyu, na yule, na yule wa nyuma, watu waliokaa bega kwa bega wanaandikiana badala ya kuongea. Simu zikawa zinaguna ndani ya mifuko na mikononi, kila moja ikiijibu nyingine. Mhoja alikuwa bado amelala begani kwa mama, hajui alichokifanya. Nami sikuweza kumwambia.

Kamanda akainuka, akaja mpaka niliposimama. Alisimama karibu sana, mgongo wake akiwapa wenzake.

"Felisita, Bariadi kuna madaktari wa macho," akasema polepole. "Mpeleke mama leo. Jua likiwa bado juu."

Ingekuwa ameniandikia, ningesema ni kitisho, na ningekufa kwa hofu nikiisoma. Lakini nilikuwa namwona. Mdomo wake wa chini ulikuwa unatetemeka, na mkono ulioshika fimbo ulikuwa umeikaba hadi mishipa imetutumka. Yule mzee alikuwa anaogopa kama mimi, anaogopa watu wake mwenyewe, na alikuwa ananipa muda aliokuwa nao. Nikamwitikia kwa kichwa.

Nilimwinua mama kwa nguvu. Nilisema kwa sauti kwamba goti linamuuma, amemeza dawa, lazima arudi akalale. Mama hakutaka kumwachia Mhoja, na Mhoja hakutaka kumwachia mama, nikavibandua vidole vyao kimoja kimoja mbele za watu. Hatukurudi kwa njia ya korongo. Tulipita uani kwa Shija tukatokea kwenye gari, Januarius amewasha tayari. Bujiku alikataa kupanda kwa sababu ya ng'ombe. Mpaka tunafika barabara kubwa sikugeuka nyuma.

Siku iliyofuata Bujiku akaandika. "Jiko la mama limeanguka. Upepo." Niliusoma ujumbe huo mara nyingi nikiutafuta uso. Mtu asiyeandika "nimefika" bila emoji alikuwa ameandika habari ya jiko kwa maneno matupu, na nikamwona kabisa mtu aliyesimama nyuma yake akisoma, au hofu iliyomsimamia badala ya mtu. Nikamjibu pole kwa upepo. Hatujaizungumza tena habari hiyo mpaka leo.

Mama anakaa kwangu sasa, chumba cha nyuma ya cherehani. Anapika kwa gesi. Goti limepona, na macho yake, kwa kukosa moshi, yameanza kuwa meupe. Ningefurahi. Lakini mteja akibisha mlangoni, mama huinamisha uso kabla hata hajaitikia hodi, na anasalimiana na watu akiwa anatazama viatu vyao. Hajafundishwa na mtu. Wateja wangu wanamsifu kwamba ni mama mwenye adabu sana.

Stika tuliifuta. Nancy aliifuta akilia, Paschal akaifuta, kila mtu kwenye familia nilimpigia na kumsimamia mpaka akaifuta kweli. Ya kwangu niliiacha. Sijamwambia mtu. Ndiyo picha pekee niliyonayo ambayo mama hamwogopi mtu yeyote, na siku nyingine nikimwona alivyojikunyata kwenye kigoda chake naifungua, naitazama, naifunga.

Juzi ukaja ujumbe wa sauti kwa namba nisiyoijua. Nilikuwa nashona, nikaufungua kwa spika bila kufikiri, na sauti ya Mhoja ikajaa chumba. Alikuwa anaongea kwa haraka na kwa chini. Alisema ameazima simu. Alisema Shija ameisafisha simu yake yote, picha za Mayunga zimekwenda, na ile ya bibi imekwenda, na yeye hana tena kitu ambacho mtoto alikigusa. Akaomba kama ninayo nimtumie, aione mara moja tu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mpelekee," akasema.

Nikaichukua simu. Nikaifungua stika, mama na mwiko wake, na chini yake ile namba. Simu ya kuazima, ya nani? Akishaiona, itabaki humo au itavuka kwenda wapi? Bujiku bado yuko kule na ng'ombe, analala peke yake katika nyumba isiyo na jiko. Kidole kilikuwa juu ya uso wa mama, karibu kabisa kugusa, na nikaviona tena vile vidole gumba pale msibani, vikienda, vikienda.

Nikatafuta ile mikono miwili iliyofumbatana. Nikaituma hiyo.

Tiki zikawa za bluu papo hapo. Ikaonekana kwamba anaandika. Akaacha. Nilingoja sana, hakuandika tena.

"Umempelekea?" mama akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Wabeja," akanishukuru, na kwa mara ya kwanza tangu tuje Bariadi akainua macho yake akanitazama usoni. Mimi ndiye niliyetazama chini.